Polipu ya kizazi imerudi baada ya upasuaji. Je, ni damu ya ukoo?

#1 MamaNsalaga (mwanzisha uzi)

Wanajamvi wa jukwaa la afya, habari zenu.

Naomba maelezo kwa anayejua, maana jambo hili limeanza kutikisa ndoa ya mtu. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ameolewa Mafinga. Alianza kutokwa damu katikati ya mwezi, na hedhi yenyewe ikawa inakuja na mabonge, pedi hazimtoshi, wingi wa damu ukashuka hadi akawa anatembea kwa kushika ukuta. Akapigwa altrasaundi, ikaonekana polipu ndani ya kizazi. Akasafishwa, akapata nafuu, tukamshukuru Mungu. Mwaka haujaisha damu ikaanza upya, na altrasaundi ikaonyesha polipu tena.

Sasa kinachotuumiza ni hiki. Mama yake naye aliwahi kutolewa polipu akiwa Tukuyu, na bibi yetu aliteseka na damu nyingi mpaka hedhi ilipokoma. Mama mkwe ameyaunganisha hayo akasema hiyo ni damu ya kwao, ukoo una vizazi vibovu, na mabinti watakaozaliwa watarithi. Mawifi wamekamatia hapo hapo. Mume yuko kimya, na ukimya wake unanitisha kuliko maneno ya mama yake.

Nimesoma huku na huko. Mmoja anasema ni vinasaba, mwingine homoni, mwingine anasema haikutolewa yote. Naomba kujua: polipu inarithiwa? Kama kuna jeni inayohusika, inafanyaje kazi? Na kama ni ya kurithi, kuna maana ya kufanyiwa upasuaji wa pili, au atolewe kizazi kabisa kama anavyoshauri shangazi yetu mmoja? Ana miaka 34, ana mtoto mmoja, na anamtaka wa pili kwa udi na uvumba.

#2 KijanaMlowo

Naweka kambi hapa. Mke wangu naye anahangaika na hilo hilo.

#3 MzeeWaChunya

Poleni. Asihangaike na visu, kuna mizizi huku ya kusafisha kizazi. Nyingine anakunywa, nyingine anaweka chini, uchafu wote unatoka.

#4 Darubini

Mzee wangu wa Chunya, shikamoo. Nakuheshimu, lakini hiyo ya kuweka ukeni naipinga waziwazi. Nimepokea maabara vitu ambavyo kina mama wameletewa wakiambiwa ni "uvimbe uliotoka". Ukiviangalia ni utando wa uke uliochubuliwa na dawa kali. Polipu haijaguswa, iko juu huko ndani ya kizazi, na sasa mama ana vidonda na maambukizi juu ya upungufu wa damu aliokuwa nao. Mdogo wetu huyu damu yake iko chini. Asijaribu.

MamaNsalaga, mimi kazi yangu ni kusoma vinyama kwenye maabara ya patholojia, huku huku Nyanda za Juu Kusini. Nitakujibu kwa urefu, lakini kwanza nina maswali matatu. Alivyosafishwa, waliingiza kamera au walikwangua tu? Kile kilichotoka kilipelekwa maabara? Na mama yake kule Tukuyu aliambiwa ni polipu, au uvimbe? Nauliza kwa sababu watu wengi huviita vyote jina moja.

#5 MamaNsalaga

Shikamoo dokta, asante kwa kuitika haraka.

Nimempigia sasa hivi. Kamera hapana, anasema alilazwa, akachomwa sindano ya usingizi, alipozinduka akaambiwa tayari. Kilichotoka alikabidhiwa mwenyewe kwenye kichupa cha plastiki chenye dawa inayowasha macho, kimebandikwa plasta yenye jina lake kwa kalamu, akaambiwa akipeleke maabara nje ya hospitali. Gharama ilimshinda siku ile, akaenda nacho nyumbani. Kilikaa kabatini, baadaye mama mkwe akakitupa. Kwa hiyo majibu hayapo.

Mama mdogo ana karatasi yake, imeandikwa polipu. Bibi hakuwahi kupimwa chochote.

#6 Darubini

Marahaba dada. Hayo uliyoandika yamenijibu mengi. Naanza na jeni, kwa sababu ndilo swali lako na ndilo fimbo anayochapiwa mdogo wako.

Ukuta wa ndani wa kizazi una tezi, na una nyama laini inayozishikilia tezi hizo, sisi tunaiita stroma. Polipu ni kipande cha ukuta huo kilichozidi kukua kikajitokeza ndani ya kizazi, kwa kikonyo au kwa kitako kipana. Nikiiweka chini ya darubini natafuta tezi zilizokaa shaghalabaghala, stroma yenye nyuzi nyingi, na mishipa ya damu yenye kuta nene katikati.

Miaka ya 1990 watafiti walichukua polipu zikiwa mbichi, wakaotesha seli zake maabara na kuzikagua kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni. Walikuta jambo linalojirudia: kromosomu zimekatika na kuunganishwa mahali pasipo pake. Sehemu zilizoonekana mara nyingi ni mkono mfupi wa kromosomu ya 6, eneo la 6p21, halafu kromosomu ya 12 kati ya 12q13 na 12q15, na kromosomu ya 7 kwenye 7q22. Pale 6p21 ipo jeni iitwayo HMGA1. Kwenye kromosomu ya 12 ipo ndugu yake, HMGA2. Hizi jeni zinachapa kazi mtoto akiwa tumboni, wakati viungo vinakua kwa kasi, kisha kwa mtu mzima zinanyamazishwa karibu mwili mzima. Kromosomu ikikatika jirani nazo, zinaamka tena ndani ya seli moja ya stroma. Seli hiyo inajigawa, zinazotokana nayo zinajigawa, na zote zinabeba mkatiko ule ule. Tezi za polipu mara nyingi hazina mkatiko huo, zinavutwa tu na stroma inayozidi kukua.

Naomba mume wa mdogo wako asome aya hii mwenyewe. Mkatiko huo uko ndani ya polipu tu. Mchukue mama huyo huyo damu ya mkononi ukague kromosomu zake, utazikuta nzima. Hakuzaliwa na mkatiko huo. Umetokea ukubwani, ndani ya seli moja ya ukuta wa kizazi, na hauingii kwenye yai. Binti hawezi kuurithi. Miaka ya karibuni wamesoma DNA ya tezi za polipu pia, wakakuta mabadiliko kwenye jeni kama KRAS na PIK3CA, nayo ni ya tishu ile tu.

Kwa hiyo ndiyo, polipu ina jeni zake zilizoharibika. Lakini hizo si jeni za mama mdogo, wala za bibi.

Sasa kurudi. Watu husema imerudi kwa mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza, kitako kilibaki. Seli zenye mkatiko zimo kitakoni pia, ukiondoa kichwa tu zinaendelea pale zilipoishia. Ninyi mnaotoka Rungwe mnalima ndizi, mnajua ukikata mgomba ukaacha tunguu ardhini kinachofuata. La pili, polipu mpya imeota mahali pengine ndani ya kizazi, kwa sababu mazingira yaliyootesha ya kwanza hayajabadilika.

Aliyekwanguliwa bila kamera, mimi la kwanza ndilo ningelishuku mapema. Kile kijiko cha kukwangulia kinapita ukutani bila anayekishika kuona. Polipu yenye kikonyo inapinda kijiko kipite, kisha inasimama tena, au inakatika nusu. Tafiti nyingi zimeonyesha kukwangua bila kuona kunaacha polipu nyingi, nzima au vipande. Histeroskopi ni kamera nyembamba inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Daktari anaiona polipu kwenye kioo, anaikata kutoka kitakoni, halafu anazunguka kukagua ukuta wote kabla ya kutoka.

Usishangae ukisoma takwimu za kurudi zinapishana mno. Zipo tafiti zilizopata chini ya 3 kwa kila wanawake 100, zipo zilizopita 40. Inategemea zilikuwa ngapi tangu mwanzo, zilitolewaje, na wanawake walifuatiliwa muda gani.

#7 WaMwakaleli

Dokta nakuelewa, ila hapa unanipa shida. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa uvimbe, dada zangu wawili wanao, na mimi ninao. Utaniambiaje si ukoo?

#8 Darubini

Dada wa Mwakaleli, pole sana. Wewe unazungumzia uvimbe wa msuli wa kizazi, ule ambao wengine huuita fibroidi. Huo unaota kwenye nyama nene ya kizazi, wakati polipu inaota kwenye ukuta laini wa ndani. Na uvimbe wa msuli kweli unatembea kwenye familia, na kwetu sisi wa asili ya Afrika kina mama wanaupata mapema na kwa wingi kuliko wengine. Bado uvimbe wenyewe una jeni yake iliyoharibika baadaye: mwaka 2011 watafiti wa Finland walionyesha kuwa karibu 70 kati ya kila uvimbe 100 una kasoro kwenye jeni MED12, na kasoro hiyo haimo kwenye damu ya mgonjwa. Kinachorithiwa ni mwelekeo wa kuupata. Kwako wewe "ukoo" ni neno la haki kabisa, na mabinti zako wakipata hedhi nzito wasiambiwe wavumilie.

Ndiyo maana niliuliza karatasi ya mama mdogo. Na bibi hatuwezi kumweka kwenye hesabu. Damu nyingi ya bibi inaweza kuwa uvimbe, inaweza kuwa tezi ya shingo, inaweza kuwa ni miaka ya mwisho ya hedhi tu, ambayo huvuruga wengi.

#9 Nyanzala_IR

Kamwene wanajamvi, naandika toka Iringa mjini. Mimi nilitibiwa saratani ya titi, nikapewa tamoksifeni ya kumeza kila siku. Nikiwa bado naimeza nikaanza kutoka matone ya damu wakati hedhi ilishakoma. Ilikuwa polipu, na baada ya kutolewa ikaja nyingine. Kwetu hakuna mwingine mwenye polipu. Nilikuja kuelezwa kwamba ile dawa inazuia estrojeni kwenye titi lakini kwenye ukuta wa kizazi inafanya kama estrojeni yenyewe. Nasema hili ili mwingine anayetumia dawa hiyo asidharau tone. Asiache dawa kwa uamuzi wake, aende kwa daktari aliyemwandikia.

#10 Darubini

Ahsante sana mama, umesema kwa usahihi kuliko vitabu vingi. Huo ndio mfano wa mazingira niliyotaja.

Polipu inaishi kwa estrojeni. Seli zake zina vipokezi vingi vya homoni hiyo, na zina protini ya BCL2 kwa wingi, ambayo inazizuia kufa kwa wakati. Ukuta wa kawaida unakufa na kumwagika kila mwezi. Polipu inabaki imening'inia. Kitu chochote kinachoongeza estrojeni isiyosawazishwa na homoni mwenzake, projesteroni, kinaipa chakula. Mafuta ya mwili ni kiwanda kimojawapo, yana kimeng'enya cha aromatesi kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, na kinaendelea hata baada ya hedhi kukoma. Ndiyo sababu mama mnene mwenye presha tunamwona mara nyingi zaidi.

Na hapa ndipo urithi unapata kamlango kadogo. Unene na presha vinafuata familia kwa kiasi fulani, na mama na binti wanakula chungu kimoja. Kwa hiyo mama na binti wote wakipata polipu, haimaanishi kuna jeni moja ya polipu iliyotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Isitoshe polipu ni tatizo la kawaida mno. Ndugu wawili kuwa nayo si ajabu, hata bahati tu inatosha.

Kuna na uvimbe-joto wa muda mrefu wa ukuta wa kizazi, maambukizi yasiyo na kelele. Umehusishwa na polipu na kurudi kwake. Ule tunauona kwa darubini, unatibiwa kwa antibiotiki, lakini kinyama kikitupwa hatuuoni.

#11 BabaWawili_Makete

Wakuu, nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Nina swali ambalo limeninyima usingizi. Shangazi yangu alifariki kwa saratani ya kizazi, si ya mlango, ile ya ndani. Baba mdogo alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 42. Babu naye utumbo. Sasa dada yangu ametolewa polipu ya kizazi mara ya pili. Hili nalo ni bahati tu?

#12 Darubini

Hapana ndugu yangu. Hili silichukulii kwa wepesi hata kidogo, na nakushukuru umeliandika.

Mwaka 1895 huko Ann Arbor, Marekani, daktari wa patholojia Aldred Warthin alisikia kutoka kwa fundi wake wa cherehani kwamba anajua atakufa mapema, kwa tumbo au kizazi, kama ndugu zake. Warthin hakumpuuza. Aliifuatilia familia hiyo, akaichapisha mwaka 1913. Yule mama kweli alifariki kwa saratani ya kizazi. Baadaye, mwaka 1966, Henry Lynch akaeleza familia nyingine za namna hiyo, na leo hali hiyo ya kurithi inabeba jina lake, sindromu ya Lynch. Jeni zenyewe zilianza kugunduliwa mwaka 1993. Ni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kazi yake ni kusahihisha makosa seli inaponakili DNA. Mtu anazaliwa na nakala moja mbovu, iko kwenye damu yake na kwenye yai au mbegu yake, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Wanaume wanairithisha sawasawa na wanawake. Saratani zinazoongoza ni utumbo mpana na ukuta wa kizazi, tena katika umri mdogo.

Ona tofauti na familia ya MamaNsalaga. Kwao kuna polipu kwa watu wawili na hakuna saratani. Kwenu kuna saratani za utumbo na kizazi katika vizazi viwili, mmoja akiwa chini ya miaka 50. Dada yako aende kwa daktari wa kina mama na historia hiyo ikiwa imeandikwa: nani, kiungo gani, umri gani. Aombe polipu zake zisomwe kwa makini, na kama kuna kipande cha saratani ya ndugu yeyote kimehifadhiwa maabara, kuna rangi maalumu zinazoonyesha kama protini za jeni hizo nne zipo au zimepotea. Wewe mwenyewe na ndugu wa kiume mzungumze na daktari kuhusu kukaguliwa utumbo kwa kamera, hata kama hamsikii kitu.

Zipo hali nyingine chache za kurithi, mfano kasoro ya jeni PTEN, ambayo huja na uvimbe wa titi, tezi ya shingo na polipu za utumbo kwa mtu mmoja. Ni adimu.

#13 BabaWawili_Makete

Asante dokta. Kesho naenda kukaa na baba mkubwa, ndiye anayekumbuka umri wa kila mmoja. Naandika kwenye daftari.

#14 MamaNsalaga

Dokta nimelia nikisoma, nasema kweli. Nimempigia mdogo wangu, akamwita mume wake, nikawasomea yote mpaka pale kwenye damu ya mkononi. Mume ameuliza swali moja tu: kwa hiyo hatupimi watoto? Na mimi naongeza: hiyo saratani, je, kwake ipo hatari?

#15 Darubini

Mjibu shemeji kwamba hakuna cha kupima kwa watoto. Binti ambaye hajaanza hedhi hana hata estrojeni ya kutosha kulisha polipu, na hakuna kipimo cha damu cha kumtafuta "mwenye polipu ya baadaye". Akikua akatokwa damu nyingi au katikati ya mwezi, apimwe kama binti wa ukoo mwingine wowote.

Hatari ya saratani ndani ya polipu kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni chini ya 2 kwa 100. Baada ya hedhi kukoma inapanda, kama 5 kwa 100, hasa akiwa anatoka damu. Ni ndogo, lakini ndiyo sababu kila kinachotolewa kinapaswa kuja kwetu.

Kutoa kizazi kwa miaka 34, kwa polipu isiyo na saratani, kwa mama anayetaka mtoto, sikuungi mkono. Kwanza aongezewe damu mwilini kwa madini ya chuma. Arudie altrasaundi ya njia ya uke kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu hedhi ianze, wakati ukuta ni mwembamba na polipu inajitenga vizuri. Ukitegea karibu na hedhi ijayo, ukuta mnene unaweza kuficha polipu au kufanana nayo. Zile ndogo za chini ya sentimita moja kuna zinazopotea zenyewe, lakini yake inamwaga damu, aitoe, na safari hii kwa kamera. Asiende kwa kubahatisha. Vifaa hivi havipo kila hospitali, apige simu kwanza hospitali za rufaa aulize kama wana histeroskopi, na mtaalamu yupo siku gani. Aulize na bima kabla ya kusafiri.

Akishapona ajaribu mimba mapema. Akimaliza kuzaa, kitanzi chenye homoni kinaweza kuzungumzwa. Kwa wanaotumia tamoksifeni kimeonekana kupunguza polipu mpya.

#16 KijanaMlowo

Dokta, na sisi waume tuingie chumba cha daktari au tukae nje?

#17 Darubini

Ingia. Na siku ya upasuaji wewe ndiye ubebe kile kichupa, ukipeleke siku hiyo hiyo. Hakikisha kina jina, umri, na sehemu kilikotoka. Ukipewa namba ya patholojia iandike mahali salama, ni tofauti na namba ya faili la hospitali. Tunavihifadhi vile vipande ndani ya nta kwa miaka, na ukija na namba hiyo tunavitoa na kuvisoma upya.